Mke wa Mchana Mmoja

Noreen Thackray hakuwahi kuolewa. Si kwamba alikosa wa kumposa. Alimpata mmoja, fundi wa vigae wa palepale Halifax, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, lakini mwaka huohuo mama yake aliteleza ngazini akavunjika nyonga, na fundi yule hakuwa mtu wa kungoja. Noreen akabaki nyumbani. Mchana alipika katika jiko la shule ya msingi, watoto mia mbili na ushei, na jioni alimpikia mtu mmoja. Miaka ishirini na sita ikapita hivyo. Alipomzika mama yake alikuwa na miaka sitini na saba, na alichobakiwa nacho ni nyumba yenye ngazi kali, pensheni ya mpishi, na ile kadi wanayopewa wazee wapande mabasi bure.

Kadi ndiyo iliyomtoa ndani. Mwanzoni alifika Skipton tu, akanywa chai, akarudi. Halafu akagundua kwamba palipo mwisho wa basi moja ndipo penye mwanzo wa jingine, na kwamba mtu asiye na haraka anaweza kuizunguka Uingereza bila kukata tiketi, mradi asipande kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Akanunua begi la mgongoni. Akalala kwenye hosteli za vitanda vya ghorofa, pamoja na wasichana wa miaka ishirini waliomwita bibi na kumwachia kitanda cha chini. Akalala kwenye vyumba vya juu ya baa, sakafu ikinung'unika kwa muziki wa watu wengine. Akafika Whitby, akafika Lincoln, akafika mpaka Norwich, na kila alipofika alijitumia kadi ya posta mwenyewe, ili akirudi akute kuna barua mlangoni.

Lililomsumbua lilikuwa kula. Chakula chenyewe hakikuwa na neno. Taabu ilikuwa kukila peke yake mbele za watu. Mtu aliyewapakulia wengine maisha yake yote hakujua afanye nini na mikono yake akihudumiwa. Alitafuta meza ya pembeni, akauelekea ukuta, akasimamisha kitabu mbele ya sahani. Alikula mbiombio, akafuta makombo mwenyewe, akatoka kabla hajaulizwa kama kuna mwenzake anayemsubiri. Swali hilo alilichukia kuliko mvua.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi alikuwa Leominster, akisubiri basi la Hereford lililobakiza zaidi ya saa nzima. Ilikuwa siku ya soko na mvua ilikuwa ikinyesha ile ya kulowesha taratibu, kwa hiyo kila mwenye miguu alikuwa amekimbilia kwenye mgahawa ulio karibu na kituo. Vioo vilijaa mvuke. Meza ya ukutani haikuwepo. Ilikuwepo moja tu, ya watu wawili, katikati kabisa ya chumba.

"Unamsubiri mwenzio, mpenzi?" akauliza mhudumu, msichana mwenye mikono myekundu aliyeitwa Tamsin.

"Niko peke yangu."

"Basi nikikuletea mtu usinichukie. Leo tumebanana."

Noreen aliagiza pai ya nyama na figo, viazi vya kuponda na njegere. Hajafungua hata kitabu, kivuli kikasimama juu yake. Alikuwa mzee mrefu, koti limelowa, tai imefungwa vizuri, fimbo mkononi.

"Kiti hiki kinauzwa?"

"Samahani?"

"Kina mwenyewe? Kama hakina naanza na pauni moja." Akazungusha macho chumbani na sauti yake ikabadilika, ikawa nyembamba na ya kasi, bila kupanda. "Pauni moja nimeipata, nani ananipa mbili, mbili, mbili, mama mwenye kitabu hatikisi hata kichwa, mara ya kwanza, mara ya pili..." Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Kimekwenda kwa mzee mwenye magoti mabovu."

Noreen akacheka kabla hajajizuia, na kicheko hicho kilimshtua mwenyewe. Kilikuwa kikubwa kuliko alivyokumbuka.

Mzee akajitambulisha. Aliitwa Aubrey Preece, na alikuwa dalali wa kondoo katika minada ya Herefordshire kwa miaka arobaini na moja. Aliagiza pai ileile, na kwa mwisho akaagiza keki ya tufaha yenye kastadi, ule mchuzi mtamu wa maziwa na mayai. Alipojua kwamba Noreen alikuwa mpishi wa shule, akamsogezea sahani. "Hebu nipe hukumu."

"Unga umekandwa sana," Noreen akasema. "Lakini mchuzi ni wa mtu anayejua."

"Umesema kweli tupu. Na unatembea peke yako? Huogopi?"

"Niogope nini, basi?"

"Upweke."

"Huo niliuacha nyumbani," akajibu, na mzee akainua kikombe chake cha chai kama anayemsalimu mkubwa.

Akamweleza habari za binti yake, Gwenda, mwalimu wa hisabati kule Shrewsbury. Mke wake alikuwa amefariki, na tangu hapo Gwenda ndiye aliyemwangalia. "Ananipenda kwa mizani. Chumvi gramu kadhaa, siagi gramu kadhaa. Ananilisha kama sungura, maskini, na kila Jumapili anakuja kuhakikisha kwamba sungura hajatoroka." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Leo saa nane ninatakiwa Hereford, kliniki ya moyo. Nilikuwa kwenye basi. Hapa nikateremka."

"Utachelewa."

"Siendi, bibie. Wanataka kunipasua kifua. Daktari ni kijana mwema, ananionyesha mpaka picha. Nikamwuliza, nikikataa je? Akasema huenda miezi, huenda mwaka. Nina miaka themanini na mitatu. Nimeuza kondoo wengi waliokuwa na muda mfupi kuliko huo, na hakuna hata mmoja niliyemwona ameacha kula majani."

Noreen aliweka uma chini. "Binti yako anajua?"

"Atajua Jumapili."

"Mwambie leo."

Alishangaa kujisikia akisema hivyo, tena kwa sauti ile ya jikoni, ya kuwaambia watoto warudishe sahani. Lakini alishaanza. "Mama yangu alinificha ugonjwa wake mwaka mzima. Barua za hospitali nilizikuta chini ya shuka, kabatini, alipokwisha kufa. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani. Usimfanyie binti mwenzangu hivyo."

Mzee akakitupia jicho kitabu kilichokuwa mezani. "Mkali wewe, kwa mtu anayetembea na kitabu cha kujifichia."

"Mwambie."

"Haya. Nikimaliza kastadi nampigia. Sasa hivi yuko kwenye mapumziko, atapokea. Atanifokea mpaka kengele ilie." Alikula vijiko vitatu vinne, akafumba macho kwa utamu, akafuta mdomo. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akaitoa simu, akaishikilia mbali na macho yake kama wafanyavyo wazee, kidole kikitafuta. Kidole kikasimama. Uso wake ukawa na rangi ya majivu.

"Aubrey?" akaita Noreen. Hakuwa amemwita kwa jina kabla ya hapo.

Simu ilianguka kwenye kastadi. Noreen alizunguka meza akamdaka kabla kichwa hakijagonga, na pamoja na muuza nyama aliyekuwa meza ya jirani wakamlaza sakafuni, koti la mtu chini ya kichwa chake. Alikuwa akipumua, lakini kama mtu anayepanda mlima. Tamsin alikuwa kwenye simu akilia na kutaja jina la mtaa. Mzee hakuweza kusema, ila mkono wake ulitafuta, ukakuta vidole vya Noreen, ukavikamata.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Mhudumu wake, mwanamke mnene mwenye sauti tulivu, alimvalisha mzee barakoa ya hewa, akamtazama Noreen aliyepiga magoti, akauona ule mkono.

"Wewe ni mkewe, mama?"

Jibu lilikuwa fupi na rahisi. Hapana, tumekutana nusu saa iliyopita. Angelisema, wangeufungua mkono ule kwa upole, na mlango wa gari ungefungwa, na mzee angekwenda peke yake na watu wanaojua moyo wake tu.

"Ndiyo," Noreen akasema.

Njia nzima mpaka Hereford alikaa kwenye kile kiti kidogo, akajibu alichoweza. Dawa gani anatumia? Hajui; zilikuwamo mfukoni, pamoja na barua ya kliniki. Ana umri gani? Themanini na mitatu, hilo alilijua. Ana watoto? Binti, Gwenda, mwalimu, Shrewsbury. Mhudumu aliandika yote, akamwambia, "Unafanya vizuri sana, mama," na Noreen akahisi aibu ikimpanda shingoni kama joto la tanuri.

Hospitalini wakampa kiti kando ya kitanda na pazia likavutwa. Wakamwita Bi Preece. Daktari alimwambia, kwa maneno ya upole, kwamba moyo umeumia kupita kutengenezwa na kwamba wanachoweza ni kumwondolea maumivu. Wakamwuliza kama anaafiki. Hapo Noreen aliogopa kwelikweli. "Msubirini binti yake," akasema. "Mimi siwezi kusema hilo. Mpigieni binti." Muuguzi akaenda kupiga simu. Gwenda alikuwa darasani. Ujumbe ulichukua muda kumfikia.

Kama saa tisa hivi mzee alifumbua macho.

"Bado upo?"

"Nipo."

"Pai yako itapoa."

"Wacha ipoe."

Akafumba tena. Noreen alimfuta paji la uso. Hakujua amwambie nini mtu asiyemjua, kwa hiyo alimtajia vituo vya basi alivyopitia tangu Halifax, kimoja baada ya kingine, polepole, kama anayemsomea mtoto. Saa kumi na robo Aubrey Preece alivuta pumzi ndefu, na iliyofuata haikuja.

Gwenda alifika robo saa baadaye. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, nywele fupi, kadi ya shule ingali shingoni. Alisimama mbele ya pazia, akamwona baba yake, akajua. Alimbusu. Kisha akageuka.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Noreen..."

"Waliniambia mama yangu yuko naye. Kwa simu. 'Usiwe na wasiwasi, mama yako yuko naye.' Mama yangu yuko ardhini miaka tisa. Nimeendesha gari kutoka Shrewsbury nikijiuliza kama baba alioa akanificha, au kama mimi ndiye niliyerukwa na akili. Kwa hiyo nauliza tena, wewe ni nani?"

Noreen akamwambia. Mgahawa, meza moja, swali la mhudumu wa gari. "Nilidanganya. Wangeniacha pale mlangoni, na yeye alikuwa amenishika mkono. Nisamehe."

Gwenda aliketi upande wa pili wa kitanda. Walikaa hivyo, mzee katikati yao, kama watu watatu mezani.

"Alikula nini?" hatimaye Gwenda akauliza.

"Chai," Noreen akasema. "Na supu kidogo."

"Baba yangu hajawahi kula supu kwa hiari yake hata siku moja."

Noreen aliinamisha kichwa. "Pai. Ya nyama na figo. Na keki ya tufaha, na kastadi juu."

Gwenda akatoa sauti iliyoanza kama kicheko na kuishia penginepo. Alilia kwa muda mrefu, mkono juu ya kifua cha baba yake. Lakini alikuwa mwalimu wa hesabu, na hata ndani ya machozi akili yake iliendelea kujumlisha. Alifuta macho, akaangalia barua iliyokuwa juu ya kimeza, akaangalia saa ya ukutani.

"Alikuwa na miadi saa nane. Saa saba hii ameketi Leominster anakula kastadi. Asingewahi." Akainua uso. "Hakuwa anakuja, sivyo? Alikuambia?"

"Aliniambia."

"Ulijua. Ulijua ana moyo mgonjwa, anaikimbia kliniki, ukakaa ukamtazama akila!"

"Nilikaa."

"Kwa nini hukumzuia?"

"Sikuwa mkewe," Noreen akasema.

"Kumbe unachagua. Kwenye gari la wagonjwa ulikuwa mkewe."

Neno hilo lilimwingia Noreen likakaa. Akasema, "Nilimwambia akupigie. Alikubali. Alisema uko mapumzikoni, utapokea, utamfokea mpaka kengele ilie. Simu ilikuwa mkononi mwake, alikuwa anakutafuta, ndipo alipoanguka."

"Unasema hivyo kunipoza."

"Sikupozi. Nimesema uongo mara mbili leo, na mara zote mbili umeninasa. Huu si wa tatu."

Gwenda alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha akageukia kitanda. "Naomba uniache na baba yangu."

Noreen alitoka. Huko nje taa za magari zilikuwa zimewashwa na mvua imekatika. Ndipo alipokumbuka kwamba begi lake lilibaki Leominster, chini ya meza, na kwamba hajala. Alipata chumba juu ya baa karibu na daraja, akalala na nguo zake.

Asubuhi, badala ya kuendelea kusini kama alivyopanga, alirudi Leominster. Tamsin alimkumbatia mlangoni bila kuuliza, akamtolea begi toka jikoni.

"Amekwenda?"

"Jana jioni."

"Ah, maskini. Sikiliza, kuna mwanamke amepiga simu hapa leo, hata hatujafungua. Anamtafuta mama wa Yorkshire aliyekaa na baba yake. Ameacha namba." Akampa kipande cha karatasi. Kisha akamketisha, akamletea mayai na mkate wa kukaanga, na Noreen alipotaka kutoa pesa, Tamsin alisema atamtupa nje na begi lake.

Alipiga simu akiwa kituoni. Gwenda alipokea mara moja.

"Sijakusamehe yote," akasema.

"Najua."

"Usiku nilikuwa na maswali, na hakuna mwingine wa kumwuliza isipokuwa wewe. Inaniudhi. Mazishi yatakuwa baada ya wiki mbili na nusu, Jumanne. Kijijini kwetu. Si lazima uje."

Noreen alikwenda. Kutoka Halifax ilimchukua mabasi saba na siku mbili, na kipande cha mwisho alikitembea kwa miguu kati ya bustani za matufaha zilizokwisha kuvunwa. Kanisa lilijaa wakulima wenye shingo nyekundu na suti zilizowabana. Alikaa nyuma. Udongo ulipokwisha kurudishwa, watu walikwenda kwenye baa ya kijiji, ambako meza zilikuwa zimepangwa mikate ya nyama ya nguruwe, mayai, jibini na birika kubwa za chai. Noreen alisimama karibu na mlango na kikombe chake, akihesabu muda uliobaki kabla ya basi.

Gwenda alimjia akamshika kiwiko. "Njoo ukae." Akamweka meza ya familia, kati yake na mjomba mmoja mzee aliyekuwa kiziwi nusu.

"Huyu ni wa upande gani?" mjomba akauliza kwa sauti ya chumba kizima. "Wa mama au wa baba?"

Watu waligeuka. Noreen alihisi uso wake ukiwaka.

"Alikula na baba chakula cha mwisho," Gwenda akasema. "Na alikuwa naye alipokufa. Mimi sikuwepo." Sauti yake ilikatika kidogo katika neno la mwisho, akaisafisha. "Mpe jibini, mjomba."

Mjomba akampa jibini. Watu wakarudia mazungumzo yao. Chini ya kelele hizo Gwenda akaanza kuuliza, moja baada ya jingine, kama aliyeyaandika: Alikaa akielekea wapi? Alivaa ile tai ya kijani? Alipumua kwa shida alipoingia, au baadaye? Alimtaja mama? Noreen alijibu kila moja, na palipokuwa na jambo asilolijua alisema hajui. Alipofika kwenye habari ya sungura, Gwenda alifunika mdomo kwa kiganja.

"Mbele ya mtu asiyemjua! Aliniita msimamizi wa sungura?"

"Alisema 'maskini' pia. Alisema unampenda."

"Kwa mizani."

"Ndiyo, kwa mizani."

Gwenda alikichezea kijiko chake. "Nilimpimia siagi miaka tisa," akasema. "Miaka tisa yote alikula nilichompa, akasema asante. Nilidhani tumeelewana." Noreen alimmiminia chai.

Baadaye Gwenda alimsindikiza mpaka kituoni. Hawakukumbatiana, hakuna kati yao aliyelelewa hivyo. Basi lilipotokea kwenye kona, Gwenda alisema shule itafungwa kwa Pasaka na kwamba hajawahi kufika Halifax.

"Si mji wa kutembelewa," Noreen akasema. "Ni milima mitupu."

"Kuna mahali pazuri pa kula?"

Noreen aliwaza. Alikuwa amekula katika miji thelathini na mmoja ya Uingereza, na katika mji wake mwenyewe hakujua hata mgahawa mmoja.

"Nitatafuta," akasema, akapanda.